Sanduku la Barafu

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini jikoni, kwa sababu mdogo wangu amejifunza kutambaa na chochote anachokifikia anakitia mdomoni, karatasi ikiwemo. Sisi ni wazima. Mama anakusalimu sana na anasema wifi yake amemtupa. Baba yuko karakana, anatengeneza milango ya zahanati mpya. Nimemuuliza kama ana salamu zozote, akasema randa inapiga kelele, hasikii. Wakati huo randa ilikuwa imelala juu ya meza.

Shangazi, mwaka huu mwalimu wetu wa sayansi anatufundisha hali za maada. Yabisi, kama jiwe, ina umbo lake yenyewe, haijali imewekwa wapi. Kimiminika hakina umbo, kinachukua umbo la chombo chake. Gesi haina umbo wala mipaka, ukiifungulia chumba inakienea chote. Nilidhani ni somo rahisi mpaka mwanafunzi mmoja, yule tunayemwita Wakili, aliposimama.

"Mwalimu, sukari inamiminika, na inachukua umbo la kopo. Kwa hiyo sukari ni kimiminika."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alimwambia, "Weka punje moja kiganjani. Imetandaa?"

"Haijatandaa."

"Basi hiyo ni yabisi ndogo, imekuja tu na ndugu zake wengi."

Mwezi wa sita tutakuwa na maonyesho ya sayansi na wazazi watakuja. Nimechaguliwa kusimamia meza ya hali za maada. Ninataka kuonyesha kitu kimoja katika hali zote tatu, yaani barafu, maji na mvuke. Maji yapo na birika lipo. Barafu ndiyo tatizo. Friji ya dukani inatoa vipande vidogo kama meno, na ukivuka navyo barabara umebaki na kiganja kilicholowa. Ninataka bonge ambalo hata mtu aliyesimama nyuma kabisa ataliona. Wewe unafanya kazi kiwanda cha barafu. Je, unaweza kunitumia moja?

Na kuna jambo jingine. Ninakumbuka siku uliyoondoka. Baba alisema, "Mwanamke gani anakwenda kubeba barafu?" Ukamjibu, "Yule mwenye mikono," ukachukua begi lako. Tangu siku hiyo hamjaandikiana hata mstari. Ninahitaji barafu, Shangazi, lakini zaidi ya barafu ninatamani siku moja niwaone mmekaa meza moja. Usinijibu hili kama hutaki.

Mwanao anayekukumbuka.


27 Februari

Kwako wewe Mwalimu mdogo,

Marahaba, tena marahaba ya mikono miwili, ingawa mmoja umeganda. Mimi mzima wa afya. Mwambie wifi yangu sijamtupa, nimemweka tu mahali pa baridi asiharibike. Huyo mtambaaji mpeni kijiko atafune, aache barua za watu.

Umeomba barafu, nami nikacheka hadi msimamizi akauliza kama nimeumwa na kitu. Basi linatoka huku alfajiri na kufika kwenu jua likizama. Nikikutumia barafu, utapokea habari zake tu.

Lakini nikuonyeshe tunavyoitengeneza. Tuna makopo marefu ya bati, tunayajaza maji safi na kuyazamisha kwenye tangi la maji ya chumvi. Hayo maji ya chumvi ni baridi kuliko barafu yenyewe, ila hayagandi! Ndani ya makopo, maji yanaganda kuanzia pembeni kuelekea katikati. Mimi kazi yangu ni kuvuta kopo kwa winchi, kulichovya kidogo kwenye maji ya vuguvugu ili bonge liachie, halafu kuliinamisha. Linateleza sakafuni kama bwana harusi aliyechelewa. Pembeni linang'aa kama kioo, katikati lina weupe. Weupe huo ni hewa iliyokimbia baridi ikakosa mlango wa kutokea.

Kwa nini maji ya chumvi hayagandi na wenzake yanaganda? Muulize mwalimu wako, mimi navuta winchi tu.

Barafu husafiri ikiwa ndani ya sanduku zito la mbao, limebana, na unga wa mbao wa kuifunika. Sanduku kama hilo sinalo.

Nisalimie wote wanaopenda kusalimiwa.

Shangazi yako wa baridi.


12 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa kavu kabisa. Mdogo wangu sasa anatafuna kijiko na pia anakipigia kelele. Mama alikuwa na kikohozi, sasa amepona.

Mwalimu amejibu swali lako. Amesema maji yanapoganda, chembechembe zake hushikana kwa mpangilio. Chumvi inajipenyeza katikati ya chembe hizo, hazishikani vizuri mpaka baridi iwe kali zaidi. Amesema pia kwamba chembe za yabisi zinatetemeka pale pale zilipo, za kimiminika zinateleza zikipishana, na za gesi kila moja na njia yake. Wakili akasema, "Kama nyumba yetu siku ya mapumziko." Mwalimu naye akacheka.

Mama alisoma barua yako kwa sauti wakati wa kula. Alipofika kwenye sanduku, Baba aliacha kutafuna.

"Mbao gani?" akauliza.

"Hajasema," Mama akamjibu.

"Vipi asiseme! Mbao laini itakunywa maji yote." Akanawa mikono akatoka. Tulisikia msumeno hadi giza lilipoingia.

Sanduku utalipata kwa kondakta wa basi, na unga wa mbao umo ndani ya gunia. Nimekatazwa kusema limetengenezwa na nani. Mwalimu anasema mwanasayansi hujaribu kwanza kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo tafadhali utume barafu ya majaribio mwezi huu.

Mwanao mwenye matumaini.


25 Machi

Mwalimu mdogo,

Marahaba. Sina nafasi ya maneno mengi, kondakta ananipigia honi.

Sanduku zuri. Huyo fundi usiyemtaja bado analainisha kona za kifuniko kwa msasa, utadhani ni kitanda cha mtoto. Mwambie kona za sanduku la barafu hazimwumizi mtu. Au usimwambie.

Nimelijaza pomoni. Safari njema kwa bonge.

Shangazi.


31 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, na mdogo wangu amesimama kwa kushika kiti, kisha kiti kikaanguka naye.

Ninaanza pole pole kwa sababu habari si nzuri, ingawa Mama bado anaifutia machozi ya kicheko. Basi lilipofika, kondakta alishuka akiwa amelowa miguu. "Nani mwenye kisima?" akauliza abiria wote wakisikia. Sanduku lilikuwa limejaa maji hadi shingoni, na mbao zilivimba, kifuniko kikagoma kufunguka. Lilikuwa kwenye buti la basi, na chini yake kulikuwa na mfuko wa saruji wa mwashi anayejenga uzio wa shule yetu. Maji yalivuja taratibu safari nzima. Mwashi alipouvuta mfuko wake, ulitoka mzima mzima, mgumu kama tofali kubwa lenye nembo.

Niliogopa sana. Lakini mwashi aliugongagonga, akasema, "Nimekuwa nikitafuta kigingi cha kuzuia lile geti." Kweli ameuweka pale getini, na mwalimu ametupeleka darasa zima kuutazama. Kilichotoka kwako kikiwa yabisi kimefika kikiwa kimiminika, na unga wa saruji uliokuwa ukimiminika umekuwa jiwe. Mwalimu alitufafanulia kwamba saruji haijaganda kama maji. Imeungana na maji ikawa kitu kipya, na haiwezi kurudi nyuma. Barafu inarudi, saruji hairudi.

Ndani ya sanduku hakukuwa na unga wa mbao hata kiganja. Baba alilikagua, akanusa, akasema neno moja tu: "Ameutoa." Halafu akaenda kulala bila kula.

Shangazi, uliutoa?

Mwanao.


28 Aprili

Mwalimu mdogo,

Marahaba. Nimekawia kujibu. Nilikuwa na kazi nyingi. Hapana, kazi ilikuwa ile ile, nilikuwa nimenuna.

Ndiyo, niliutoa unga wa mbao. Nilitaka bonge lijae sanduku zima, mseme nyumbani kwamba barafu yangu si ya kuchezea. Miaka yote hii naishi na barafu, nikadhani itaniheshimu. Msimamizi wangu aliposikia habari za saruji alikaa chini sakafuni, tena sakafu yetu hiyo ya baridi, akacheka.

Lakini fundi naye asijifanye malaika. Hakuacha tundu la maji! Barafu ikikaa ndani ya maji yake yenyewe inayeyuka haraka. Sanduku linatakiwa liwe na tundu dogo chini, lenye kizibo, na kuta mbili, siyo moja. Katikati ya kuta ndimo unga wa mbao ukae, mtu asiweze kuutoa hata akiwa na kiburi.

Mwambie hivyo. Neno la mwisho umwambie pia.

Wifi yangu nimempelekea vitambaa kwa mkono wa kondakta, kama bado tunasemeshana naye.

Shangazi yako.


11 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Vitambaa vimefika, Mama ameshajipima mbele ya kioo mara nyingi kuliko anavyokubali. Mdogo wangu ana meno mapya na sote tuna alama zake.

Nilimsomea Baba barua yako karakana. Niliposoma "asijifanye malaika" aliangusha penseli kutoka sikioni. Niliposoma mahali pa kiburi alitabasamu upande wa ukuta ili nisimwone. Nilimwona.

"Kuta mbili," akasema. "Na mimi nilifikiria hivyo hivyo."

"Sasa mbona hukufanya?" Mama akamuuliza kutoka mlangoni.

"Niliharakisha. Mtu akiwa mbali unafanya haraka." Kisha akanigeukia. "Mwambie asijaze. Bonge dogo, unga mwingi. Tangu lini yule akaambiwa akasikia?"

"Kumbe unamtumia salamu," Mama akasema.

"Hizo si salamu, hayo ni maelekezo."

Nimeyaandika kama yalivyo.

Nilimuuliza mwalimu kwa nini unga wa mbao unaizuia barafu isiyeyuke, wakati wenyewe si baridi. Amesema katikati ya chengachenga zake kuna hewa iliyokwama, na hewa iliyokwama ni mvivu wa kupitisha joto. Kwa hiyo ni gesi inayoilinda yabisi isigeuke kimiminika! Niliruka juu. Nitalisema hili kwenye maonyesho.

Sanduku jipya linakuja na basi la kesho. Maonyesho ni tarehe 6 Juni. Shangazi, ninaomba kitu kimoja na nimekipima kwa siku nyingi. Usilitume sanduku peke yake. Njoo nalo.

Mwanao.


4 Juni

Mwalimu mdogo,

Marahaba, mwanangu. Sanduku litapanda basi kesho alfajiri. Nimefuata maelekezo yote, hata yale ya "tangu lini." Bonge la ukubwa wa kati, nimelikata mwenyewe, lenye weupe kidogo moyoni, ulionyeshe. Kizibo wakifungue kila basi linaposimama, kondakta nimemwapisha.

Mimi sitaweza kuja. Nina zamu.

Simama wima, sema kwa sauti, usitafune kola ya sare.

Shangazi.


8 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo! Shikamoo tena! Limefika!

Ninajua ninatakiwa kuanza na habari za nyumbani. Haya: wote wazima, na mdogo wangu ameramba barafu, akashangaa, akalia, akataka tena.

Kondakta alilishusha sanduku yeye mwenyewe kwa mikono miwili kama limebeba mayai. Baba alikuwa kituoni kabla yangu. Alifungua kifuniko, akafukua unga wa mbao kwa vidole, taratibu. Bonge lilikuwa limepungua kama sabuni iliyotumika na kona zake zimeviringika, lakini lilikuwa bonge! Lilitoa ubaridi ukatupiga usoni. Watu waliokuwa wanashuka wakasimama kutazama. Tulilifunika tena upesi, na siku ya pili lilikuwa bado kubwa kuliko kichwa changu.

Meza yangu ilikuwa karibu na dirisha. Niliweka bonge upande huu, birika likichemka upande ule, na glasi ya maji katikati. Niliongea bila kutafuna kola. Nilieleza kuhusu saruji ya mwashi, naye alikuwepo, akapungia watu mkono kama mgeni rasmi. Kisha Wakili akajipenyeza mbele.

"Barafu tumeiona. Mvuke uko wapi?"

"Uutafute," nikamwambia.

Akaelekeza kidole kwenye wingu jeupe juu ya birika. "Si ule pale?"

"Hapana. Hayo ni matone madogo ya maji. Mvuke wenyewe hauonekani. Tazama mdomo wa birika: kabla weupe haujaanza kuna nafasi tupu. Hapo ndipo ulipo."

Akainama akatazama. Wazazi nao wakainama. Nikachukua mfuniko wa sufuria niliokuwa nimeulaza juu ya barafu yako, nikaushika kwenye ile nafasi tupu. Matone yakajaa chini yake, yakaanza kudondokea kwenye kikombe. Mama mmoja akapiga kelele ya furaha. Wakili akasema, "Sina swali lingine," na hajawahi kusema hivyo tangu tumjue.

Watu walipopungua, Baba alikuja mezani, masikio yake yana unga wa mbao. Aliweka kiganja juu ya bonge na hakukiondoa.

"Mabonge yenyewe makubwa kiasi gani?"

"Hili lilikatwa, Baba. Bonge zima linanizidi urefu."

"Naye anayaangusha yeye?"

"Anayavuta kwa winchi. Halafu anayasukuma."

Alikaa vile mpaka kiganja kikawa chekundu. Akakitazama, akakifunga, akakitia mfukoni. "Kazi ya kiume na nusu," akasema, akaenda kumsaidia mwashi kupanga viti.

Kuna jambo kondakta aliniambia nami ninakuandikia kama alivyolisema, bila kuuliza chochote. Alisema mwanamke aliyeleta sanduku alikuwa amevaa nguo ya kutokea, ana kibegi mkononi. Alipanda ngazi ya basi, akasimama, akashuka. Baba alikuwa karibu yangu, akasikia.

Jana baada ya chakula Baba akaniambia, "Chukua kalamu." Mama akaacha kuosha vyombo. Haya ndiyo aliyosema:

"Mwambie sanduku namrudishia, ni lake. Nililipima kwa ajili yake. Lakini bawaba zake za shaba zikipata maji zinalegea, na wa kuzikaza ni fundi aliyezifunga. Mtu mwingine asiziguse."

"Kwa hiyo zikilegea alitume?" nikauliza.

"Alitume! Kwa kondakta yupi? Yule wa kisima? Alilete."

Akainuka kitini. Nilidhani amemaliza, nikafunga kalamu.

"Andika pia kwamba zimeshalegea. Nimezikagua leo."

Shangazi, nimezijaribu bawaba hizo. Zimekaza kama meno ya mdogo wangu. Lakini nimeandika nilichoambiwa.

Mwanao, mwanafunzi wa hali za maada.


21 Juni

Mwalimu mdogo,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye chumba cha mabonge, na mwenzangu wa winchi akaniuliza kwa nini nalia mahali ambapo machozi yanaganda. Nikamwambia ni furaha, anipishe.

Bawaba nimezikagua pia. Ni kweli, zimelegea vibaya sana. Haziwezi kungoja.

Nimepewa likizo. Nitapanda basi la Jumamosi, na safari hii nitapanda ngazi zote. Sanduku nakuja nalo. Barafu sijaweka, nimepanga nguo zangu humo, maana begi langu ni dogo na likizo yangu ni ndefu.

Mwambie kaka yangu anipokee. Akitaka kununa, anunie hapo hapo kituoni, ila mzigo abebe.

Shangazi yako.